Sifuri ya Chausiku

Siku ya tatu ya kujifungia Morogoro, wajumbe wa Jopo walikuwa wamechoka hata kutaniana. Chai ya saa nne ilikwisha kupoa, sambusa zilikaa kwenye sahani zikitoa mafuta, na hakuna aliyezigusa, maana baada ya chai hufuata kuonja, na mtu aliyeonja jana na juzi hajazi tumbo ovyo.

Serikali, kwa sababu ambazo hakuna anayezikumbuka, haifikiri vizuri ikiwa ofisini kwake Dodoma. Ikipata jambo zito hupanda gari ikaenda kujifungia Morogoro, kwenye hoteli yenye ukumbi mmoja na feni nyingi, na huko hukaa mpaka waraka upatikane. Mengi yalikuwa yamebadilika katika karne ile. Mvua zilihama, mito ikahama, na watu nao wakahamishwa. Kujifungia Morogoro hakukuhama.

Daktari Nakijwa Mbwambo alikaa kiti cha karibu na mlango, si kwa heshima bali kwa ajili ya nyonga yake ya kushoto, ambayo haikupenda safari ya kuizunguka meza. Alikuwa ametibu watoto ujana wake wote, na tangu astaafu amekuwa mjumbe wa Jopo la Ushauri wa Matunzo ya Watoto, kazi iliyomzeesha kuliko wodi. Ukutani mbele yake palibandikwa maneno yanayobandikwa kila ukumbi ambamo Jopo hukaa: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hayo ndiyo yaliyokuwa moyo wa Sheria ya Kuonja. Zamani jopo kama hili lilikaa likaandika kwamba watoto fulani hawahitaji dawa za maumivu, na katika walioandika hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mtoto mwenyewe. Wananchi walipogundua, mawaziri walilala macho. Tangu hapo mjumbe lazima auonje mwilini mwake ugonjwa anaoutolea ushauri, na asichokionja hana ruhusa ya kukipendekezea kitu.

“Tumebakiwa na kundi moja,” alisema mwenyekiti, Profesa Lwitiko Mwaipopo, akivua miwani na kujikanda macho. “Tuonje, tuandike, twende makwetu. Injinia, tuvishe.”

Injinia Zamoyoni, msimamizi wa mitambo ya kuonja, alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na mdomo usiopumzika. Alipita nyuma ya viti akimfunga kila mjumbe utepe mwembamba kichwani. Alipofika kwa Nakijwa aliinama.

“Daktari wangu, kaa kawaida yako. Usijikaze kama unapigwa picha ya kitambulisho. Nachukua sifuri.”

“Chukua, baba. Kama kuna kilichobaki.”

Utepe ulikuwa baridi nyuma ya sikio. Kwanza mtambo huusikiliza mwili wa mwonjaji jinsi ulivyo asubuhi ile, na jinsi ulivyo huita sifuri, ukainyamazisha. Kisha juu ya kimya hicho humwaga kile kilichorekodiwa mwilini mwa mtoto. Bila hivyo, mjumbe mwenye jino bovu angemsingizia mtoto jino.

Jana yake walimwonja Elibariki, mvulana wa miaka minane aliyehamia na wazazi wake Makazi Mapya ya Manyoni, ambako maji hutoka kwenye visima vya kina kirefu. Maji hayo yana chumvi ambayo hakuna chujio lililoiweza, na chumvi hiyo huingia kwenye mifupa ya watoto ikagandia viungoni. Watu huuita mifupa chumvi. Elibariki alipoambiwa atembee mbele ya mtambo, kila hatua yake ilikuwa kama kukanyaga misumari kwa magoti. Wajumbe walilia waziwazi. Wakili Kitundu, mtu anayejua sheria zote na asiyejua kulia, aliuma mkono wa koti lake mpaka ukalowa.

Na dawa ilikuwepo, mle mle ukumbini, kwenye beseni la maji vuguvugu: gamba, kitu laini cha rangi ya ganda la kiazi, kinachooteshwa kiwandani kwa chembe za mwili wa mtoto mwenyewe. Likivaliwa miguuni hubeba uzito, huchuruza dawa polepole, na hukua mtoto anapokua. Lile la kwenye beseni lilikuwa la maonyesho tu, halikutokana na chembe za mtu yeyote. Likivaliwa hufaa kitambo kidogo, kisha huanza kukauka. Tatizo ni kwamba kiwanda kilikuwa kimoja, na watoto wa Manyoni ni wengi kuliko mabwawa yake ya kuoteshea. Ndiyo maana Jopo liliitwa, liseme nani avishwe kwanza na nani asubiri.

“Kundi la pili,” Zamoyoni alitangaza. “Waliozaliwa kule kule. Chausiku, miaka tisa, ameridhia na mama yake ameridhia. Haya, bismillahi.”

Nakijwa alifumba macho, akakaza meno kwa mazoea. Akasubiri. Akahisi jua shingoni, sweta la sufu likimwasha kwapani, njaa kidogo ya asubuhi. Akahisi miguu ikitembea, mmoja mbele, mwingine nyuma, bila neno lolote. Hapakuwa na msumari wala moto. Palikuwa na utulivu mtupu, mtamu kiasi kwamba alitamani usiishe, na katika utulivu ule aligundua jambo la ajabu: nyonga yake ilikuwa kimya. Hakukumbuka mara ya mwisho ilinyamaza lini.

Kisha utepe ukavuliwa, na nyonga ikarudi mahali pake kama mpangaji mwenye ufunguo.

“Alhamdulillahi,” alipumua Wakili Kitundu. “Huyu hana shida.”

“Mwili umezoea,” mwenyekiti alisema. “Mungu huwapa waja wake ngozi ya nchi yao. Katibu, andika. Kundi la kwanza, wale waliohamia, wavishwe magamba kuanzia mwaka huu. Kundi la pili, wale waliozaliwa, wafuatiliwe.”

Wote walijua, katika lugha ya serikali, kufuatiliwa maana yake nini. Ni kuandikwa vizuri na kusahauliwa vizuri.

“Profesa,” Nakijwa alisema. “Picha za mifupa nilizozigawa juzi. Goti la huyu msichana na goti la Elibariki huwezi kuyatofautisha. Hawa wakipita miaka kumi, kumi na moja, bila gamba, viungo vinashikana moja kwa moja. Havikunjuki tena.”

“Nimeziona.”

“Basi?”

“Picha haiumi, Nakijwa.” Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyewahi kuibishia hoja hiyo hiyo akashindwa. “Sheria inataka tulichoonja. Kiwanda hakitoshi hata kwa hawa wanaolia. Nikimwingiza asiyelia, ninamtoa anayelia. Wewe umemwonja Elibariki. Niambie nimtoe yupi.”

 Mwenyekiti akatoa mapumziko mafupi kabla ya kutia saini.

Alitoka nje ya ukumbi kutafuta hewa. Barazani, kwenye viti vya plastiki, walikaa mwanamke mwembamba mwenye kanga mbili na msichana aliyevaa sweta la sufu, Morogoro, kwenye joto lile. Sheria ilitaka mtoto aliyeonjwa awepo jirani, asiwe jina tu. Elibariki alikwisha kurudishwa kwao na baba yake jana jioni. Hawa walikuwa wanangoja gari lao.

“Shikamoo bibi,” msichana alisema. Alikuwa akimenya chungwa kwa kucha, taratibu, ganda likitoka refu bila kukatika.

“Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye Chausiku?”

“Ndiyo.”

“Unaumwa popote, Chausiku?”

“Hapana, bibi.”

“Miguu?”

Mtoto aliitazama miguu yake kama mtu aliyeulizwa habari za jirani. “Miguu iko kawaida.”

“Huyu hasumbui, daktari,” mama yake alidakia, kwa fahari ambayo Nakijwa aliisikia ikimchoma. “Watoto wetu sisi hawana deko. Wale waliokuja na wakubwa ndio wanaliaga mchana kutwa. Sisi wetu hapana.”

Ganda likamponyoka mtoto, akateremka kitini kuliokota. Hapo Nakijwa akamwona. Chausiku hakuruka chini kama watoto wa umri wake. Alisogea kwanza mpaka ukingoni, akashika mkono wa kiti, akaushusha mguu mmoja, akauegemea kidogo kuuonja, ndipo akaleta wa pili. Alipoinama hakukunja magoti. Alijikunja kiuno, mkono mmoja umeshika meza, na uso wake wote ulikuwa shwari.

Nakijwa aliujua mtindo ule. Ndivyo anavyoshuka kitandani kwake kila asubuhi, na mwanamke wa miaka sitini na nane ana haki ya kushuka hivyo. Mtoto wa miaka tisa hana. Hasira ilimpanda, hasira ya kichovu isiyo na wa kumpiga, na ndani yake likazuka swali ambalo lilimfanya ageuke na kurudi ndani haraka kuliko nyonga ilivyopenda.

Zamoyoni alikuwa anakunja nyaya.

“Injinia. Mtambo unachukua sifuri yangu. Ya mtoto je?”

“Na ya mtoto pia. Siku ya kurekodi. Unamkalisha, anatulia, unachukua alivyo, ndipo unamwambia atembee. Tunachoonja ni kile kilichozidi pale.”

“Kwa hiyo wewe leo umeifuta nyonga yangu.”

“Nimeifuta, na hukunishukuru.”

“Umeifuta kwa sababu ninaamka nayo.” Alimsogelea. “Elibariki alizaliwa mzima. Mwili wake unajua ulikotoka. Akikaa, maumivu yanapungua, akisimama yanamrukia. Lakini huyu tangu tumboni hajawahi kuwa na siku moja bila hayo maumivu. Akikaa yapo, akilala yapo, akitembea yapo vile vile. Ulipochukua sifuri yake, ulichukua nini?”

Zamoyoni aliacha nyaya. 

“Nimechukua na maumivu yake,” alisema mwishowe. “Mtambo umeona ndivyo alivyo. Umesema huyo ndiye Chausiku.”

“Rekodi ile huwezi kuitoa sifuri?”

“Siwezi. Sifuri si kifuniko useme nifunue. Ni kama msingi wa nyumba. Ukiutoa hupati nyumba isiyo na msingi, unapata kifusi.” Alijikuna kidevu. “Ingepasa kupata sifuri nyingine. Mtoto yule yule, lakini siku ambayo haumwi. Na siku hiyo haijawahi kuwepo.”

Wote wawili wakajikuta wanalitazama beseni.

“Usinitazame hivyo, daktari,” Zamoyoni alisema upesi. “Mimi nina wajukuu.”

Maana walielewa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Gamba la maonyesho lingemtosha Chausiku. Lingemwondolea maumivu kwa kitambo, na katika kitambo hicho mtambo ungechukua sifuri ya kweli. Kisha gamba lingeanza kukauka, nalo lingevuliwa, na yote aliyozaliwa nayo yangemrudia kwa mpigo mmoja. Mtambo ungerekodi. Jopo lingeonja. Na mtoto, ambaye asubuhi ile alikuwa haumwi, angeanza kuumwa.

Nakijwa aliwapelekea jambo hilo Profesa Lwitiko na Wakili Kitundu bila kulipamba. Mwenyekiti alilisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

“Sheria inasemaje, Wakili?”

“Sheria haikatazi,” Kitundu alijibu. “Aliyeitunga hakudhani kuna mtu atakayelifanya.”

“Nakijwa. Angekuwa mjukuu wako?”

“Ndiyo maana sijakwambia kwamba nimeamua.”

“Nasi kule Manyoni tunao wangapi kama yeye? Shule nzima nzima.” Profesa alisimama dirishani. Alikuwa mtu mwema aliyechoshwa na wema wake mwenyewe. “Tukiacha, hawajui, na viungo vinashikana taratibu, wakubwa wanasema ndivyo watoto wetu walivyo. Tukifanya, tunamfundisha mmoja kulia ili wengine wasikilizwe. Mimi siwezi kuliamuru hilo, na siwezi kulikataza. Nenda kwa mama yake. Umwambie lote.”

Akamwambia lote. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa magoti kwa magoti na yule mwanamke, naye Chausiku akapelekwa na mhudumu kuangalia samaki wa kwenye bwawa la hoteli. Alimweleza kwamba mtoto wake haumwi kwa sababu hajui kingine. Mama alikataa kwanza, kwa adabu, kisha kwa hasira, kisha akawa anakunja pindo la kanga yake na kulikunjua.

“Kwa hiyo miaka yote hii nikimsifu kwamba hana deko,” alisema, “alikuwa anaumwa?”

“Hukujua, mama. Hata sisi na mitambo yetu hatukujua.”

“Mkimvua hilo gamba, ataumia?”

“Ataumia.”

“Kuliko alivyo sasa?”

“Sawasawa na alivyo sasa. Ila atajua.”

Mama Chausiku aligeuka kumtazama mwanawe, ambaye alikuwa amesimama kando ya bwawa kwa miguu iliyonyooka kama ya korongo, akiwacheka samaki.

“La kwake mwenyewe litakuja lini?”

“Jopo likikubali, ataandikwa wa kwanza. Lakini gamba haliharakishwi. Kuota mpaka likomae ni kama mimba. Tukianza leo, ni mwakani.”

“Na msipofanya?”

“Atabaki hivyo hivyo. Mwakani au mwaka wa kesho kutwa, magoti yanafunga.”

 Jikoni mtu alikuwa anatwanga vitunguu saumu, na harufu ikaja ikapita.

“Dada yangu ana watatu,” mama alisema. “Jirani ana wawili. Nikikataa mimi, nitarudi kule niwatazame usoni?” Akajifuta uso kwa kiganja. “Fanya, daktari. Lakini na wewe uwe ndani. Usikae pembeni umeshika kalamu. Atakachokipata mwanangu, na wewe ukipate saa ile ile.”

“Nitakuwa ndani.”

Walimkalisha Chausiku kwenye kochi la ukumbini. Nakijwa mwenyewe alilitoa gamba kwenye beseni, likichuruzika, akalivisha kuanzia nyonga hadi vidole, likajikamata lenyewe ngozini. Mtoto alicheka kwa kutekenywa. Kisha akaacha kucheka. Akaangalia chini, macho yakamtoka.

“Mama! Miguu yangu iko wapi?”

“Hiyo hapo, mwanangu. Si hiyo?”

“Haipo! Siisikii!” Aliipapasa, akaifinya, akaona inafinyika. Alianza kutetemeka, na Nakijwa akapiga magoti mbele yake.

“Ipo, mjukuu wangu. Isogeze. Inuka taratibu.”

Akainuka. Alishika mkono wa kochi kama kawaida yake, akaupima mguu wa kwanza, akangoja kitu ambacho hakikuja. Akaupima wa pili. Akaachia kochi. Akapiga hatua, na nyingine, na nyingine, na alipofika mlangoni hakusimama. Walimwona akishuka ngazi za baraza, akizipanda, akizishuka tena. Akakimbia kwenye majani. Alikimbia vibaya, mikono hewani, kama mtu aliyewahi kuona mbio kwa mbali tu, na sauti aliyokuwa akiitoa haikuwa kicheko hasa, ilikuwa kelele moja ndefu ya furaha. Mama yake alikaa kwenye ngazi akajifunika kanga usoni.

Alirudi akihema, jasho likimtoka, akawatazama wazee wale wa serikali mmoja mmoja.

“Kumbe nyie mnakuwaga hivi?” aliuliza. “Kila siku?”

 Wakili Kitundu alijifanya anatafuta kalamu.

“Keti, Chausiku, upumzike,” Zamoyoni alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu wa mzaha. Akamfunga utepe. Mtambo ukalia mlio mdogo. Sifuri ilipatikana.

Gamba lilikuwa limekwisha kuanza kukauka kingoni. Wajumbe wote walifungwa tepe. Safari hii hawakungoja rekodi. Zamoyoni aliwaunganisha moja kwa moja na mwili wa mtoto. Mtoto alikuwa bado anasimulia juu ya samaki wakati Nakijwa alipoingiza vidole chini ya gamba pale nyongani na kuanza kulivua.

Kwanza palikuwa na baridi. Kisha yakaja. Yalianzia vifundoni yakapanda kama maji yanayojaza mtungi, magotini, mapajani, nyongani, na hayakuwa misumari ya Elibariki, ile inayokuja na kuondoka. Haya hayakuwa na mwanya. Yalikuwa nyumba nzima, ukuta kwa ukuta, na mtu alikuwa ameishi humo miaka tisa akimenya machungwa. Nakijwa alisikia mtu anapiga kelele, akadhani ni mtoto, akagundua ni Profesa Lwitiko. Kiti kilianguka. Yeye mwenyewe hakulivua gamba kwa haraka wala kwa kusita. Alilishusha mpaka kidole cha mwisho, machozi yakimtiririka, kwa sababu alikuwa ameahidi kuwa ndani.

Na juu ya kelele zote ilikuja sauti ya Chausiku, nyembamba, iliyojaa mshangao kuliko kitu kingine: “Mama, naumwa. Mama, ndiyo huku kuumwa? Mama!”

Zamoyoni alizima mtambo bila kuambiwa.

Waraka uliandikwa upya mchana ule, bila mabishano. Jopo lilipendekeza kwamba magamba yagawiwe kwa hali ya mifupa, si kwa kilio, na kwamba mtambo wa kuonja usitumiwe tena kwa mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wake. Maana yake baadhi ya wenzake Elibariki, wale ambao mifupa yao bado inavumilia, wangesogezwa nyuma mwaka mmoja huku wakilia. Profesa alilisoma fungu hilo mara mbili kwa sauti, ili kila mtu alisikie anachokitia saini.  Chini kabisa akaongeza, kwa mkono wake, jina la Chausiku kuwa la kwanza.

“Tumetenda haki?” Wakili Kitundu aliuliza, na ni mtu ambaye kwa kawaida huulizwa.

“Tumetenda,” Nakijwa alisema. “Hayo mengine sijui.”

Akatoka kwenda kuwapa habari. Gari la Manyoni lilikuwa limekwisha kufika, dereva anazungukazunguka akikagua magurudumu. Mama Chausiku alikuwa amekaa barazani amempakata mwanawe, mtoto mkubwa miguu ikining’inia nje ya mapaja. Mtoto alikuwa amepewa dawa ya kutuliza, ile ya kawaida, ambayo kwa mifupa chumvi husaidia kidogo tu. Kilio kilikuwa kimebaki kwikwi.

“Wamekubali, mama,” Nakijwa alisema. “Wote. Na wa dada yako, na wa jirani. Yeye ndiye wa kwanza.”

Mama aliitikia kwa kichwa. Hakutoa shukrani, na Nakijwa alishukuru kwamba hakutoa.

“Bibi,” Chausiku aliita.

“Naam, mjukuu wangu.”

“Nirudishie.”

“Gamba linatengenezwa. La kwako mwenyewe, halikauki. Mwakani tu, utaona. Utakimbia mpaka uchoke.”

Mtoto alitikisa kichwa kwa uchovu, kama mkubwa anayemsikiliza mtu asiyeelewa.

“Si hilo,” alisema. “Nirudishie ile yangu ya asubuhi. Vile nilivyokuwa siumwi.”

Dereva alifungua mlango wa gari akasimama akiwangoja. Nakijwa alitafuta neno katika yote aliyowahi kuwaambia watoto wodini, maneno ya sindano haiumi, ya kesho utapona, akaona hakuna hata moja linaloweza kusemwa mbele ya mtoto huyu.

“Hiyo hatuna tena, mjukuu wangu,” alisema.

Chausiku alimtazama kitambo kirefu. Kisha akaugeuza uso kifuani kwa mama yake akaanza kulia upya, na safari hii alilia bila kutoa sauti, kama mtu anayejifunza tena kutosumbua.